Boga la mashindano kwenye mwaka wa baridi: shamba la wazi, kibanda cha muda au kitalu nyumba?

Mei ya baridi ina uchokozi wake. Mche wa boga uko dirishani, una majani manne, mizizi imeshaanza kuzunguka ndani ya kopo ikitafuta pa kwenda. Nje ni manyunyu tu, udongo una nyuzi 9 za Selsiasi, na utabiri wa wiki nzima hauna jua. Mtu wa mchicha na nyanya atasema tusubiri. Mtu wa maboga makubwa anahesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka Oktoba, mwezi wa mizani, maboga ya mashindano yanapopimwa uzito, na kila siku ya kusubiri anaiona kama kilo zinazokwenda na maji.

Makala hii ni ya aliyekwama hapo: apande nje na kumtegemea Mungu, ajenge kibanda kidogo cha kuvukia wiki za mwanzo, au aingie gharama ya kitalu nyumba kizima? Nimewafikiria zaidi wenzetu wanaolima uani Minnesota na Ontario, au kwenye viwanja vya bustani vya kukodi kule Uingereza. Aliyeko Makete au Limuru naye anaijua baridi, ila yeye hafukuzwi na kalenda namna hii. Asome sehemu za udongo, zitamfaa.

Mmea wenyewe kwanza

Maboga ya mashindano ya leo karibu yote ni ya ukoo wa Atlantic Giant, uliozalishwa na Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia. Dill alitwaa ubingwa wa dunia miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Ukisikia Kanada unadhani mmea huu ni mtoto wa baridi. Sivyo. Asili ya jamii yake ni Amerika Kusini, na tabia zake ni za huko. Mbegu huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 27 hadi 30. Chini ya nyuzi 15 mizizi karibu inalala: maji hayapandi inavyotakiwa, na fosforasi haichukuliwi hata kama umeimwaga tele, ndiyo maana mche wa mwaka wa baridi hugeuka zambarau kwenye majani. Usiku wa chini ya nyuzi 10 ukirudiarudia, mmea hudumaa. Jalidi moja, yaani usiku mmoja wa umande kuganda, inaumaliza.

Sasa weka tabia hizo kwenye kalenda ya kaskazini. Eneo la Minneapolis jalidi ya mwisho inaweza kuchelewa hadi katikati ya Mei, na ya kwanza ya vuli inaweza kuja mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Ndani ya dirisha hilo mmea unatakiwa utambae mita kadhaa, utoe ua jike, ulichavushe, kisha ulilishe boga moja kwa siku themanini hadi mia. Mwaka mzuri hesabu inatosha kwa shida. Mwaka wa baridi haitoshi, na hapo ndipo unapochagua wapi pa kufidia.

Vipimo tutakavyotumia

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo yaleyale: joto (la udongo hasa, kisha la hewa), kalenda, fedha, mikono yaani kazi ya kila siku, na magonjwa pamoja na ajali. Mwisho wa kila moja nitasema inamfaa nani.

Niseme mapema ninakoegemea, ili usome ukijua. Naamini mwaka wa baridi hupotezwa Mei na Juni, na hupotezwa chini ya ardhi. Watu wanaangalia majani na kuyafunika blanketi, huku mizizi imekaa kwenye tope la nyuzi 11. Usiku mmoja wa hewa baridi juu ya udongo wenye joto mmea unaustahimili kuliko wiki ya hewa nzuri juu ya udongo uliopoa. Kwa hiyo kipimajoto kisichopungua sentimita 10 ndani ya udongo, kikasomwa asubuhi kabla jua halijapanda, ndicho chombo cha kwanza kununua, njia yoyote utakayochagua.

Njia ya kwanza: shamba la wazi

Hapa hujengi kitu. Unaandaa udongo, unasubiri asubuhi kadhaa mfululizo zisome nyuzi 16 au zaidi, ndipo unapanda. Wapenda mashindano huicheka njia hii, lakini ina heshima zake. Mwaka 1903 William Warnock wa Goderich, Ontario, pembeni mwa Ziwa Huron, alikuza boga la ratili 403, karibu kilo 183, na rekodi yake ilidumu hadi 1976. Nailoni ilikuwa bado haijagunduliwa.

*Joto.* Kusubiri si kukaa bure. Inua tuta la sentimita 20 au 30 mahali mche utakapokaa, maana udongo ulioinuliwa huchuja maji, na udongo usiojaa maji hupata joto upesi. Wiki tatu kabla ya kupanda tandika nailoni nyeusi na uibane igusane na ardhi. Ikiachwa ikapepea, joto hubaki kwenye nailoni na udongo haupati kitu. Nailoni nyeupe inayopitisha mwanga hupasha zaidi, ila magugu nayo yatakushukuru. Ongeza kizuizi cha upepo, hata kitambaa cha wavu kilichofungwa kwenye nguzo upande unaotoka upepo mkavu. Kwa hayo yote utavuna nyuzi mbili tatu. Ni chache, lakini kati ya 14 na 17 kuna tofauti ya mzizi uliolala na mzizi unaokwenda.

*Kalenda.* Huu ndio udhaifu wake. Ukipanda mwanzo wa Juni, ua jike la maana utalichavusha karibu tarehe 20 Julai. Mpaka mizani ya tarehe 5 Oktoba zimebaki siku 77. Aliyechavusha tarehe 1 Julai ana siku 96. Uzito mwingi boga huuweka kati ya wiki ya tatu na ya saba tangu kuchavushwa, kwa hiyo aliyechelewa halali njaa moja kwa moja. Ila wiki zake nono zinaangukia mwisho wa Agosti na Septemba, usiku ukiwa umeshaanza kuuma.

Pamoja na hayo, mche uliopandwa Juni kwenye udongo wa joto mara nyingi humkuta na kumpita wa Mei aliyenyongwa na baridi. Aliyedumaa hupoteza mizizi, na mizizi hiyo hairudi kwa mbolea.

*Fedha.* Nailoni nyeusi, samadi iliyooza, mboji. Basi.

*Mikono.* Mei na Juni huna pilikapilika. Unaweza kufanya kazi zamu mbili na mmea usijue.

*Magonjwa na ajali.* Hewa inapita, kwa hiyo ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, huchelewa kufika. Balaa lake ni upepo na mvua ya mawe. Shina changa linalotambaa hugeuzwa na upepo likakatika shingoni, kwa hiyo libane kwa vijiti viwili vilivyopishana juu yake, na ufukie vifundo kwa udongo mapema ili vitoe mizizi ya kushikilia. Mwaka wa mvua za baridi, tuta likikosekana, mizizi huoza kabla hujajua.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mwenye ratiba ngumu, aliyekodi kiwanja asichoruhusiwa kujenga kitu, na yule ambaye boga la kilo mia mbili litamtosha kupigiwa picha na ukoo mzima.

Njia ya pili: kibanda cha muda, na nyaya za joto ukipenda

Hii ndiyo njia ya kati, na ndiyo yenye maneno mengi kwa sababu ndani yake mna maamuzi madogo mengi. Unajenga kibanda chenye upana wa mita mbili hivi na urefu wa mbili na nusu, cha matao ya mabomba ya plastiki au fremu ya mbao, ukakivika nailoni. Mche unaingia humo mwanzo au katikati ya Mei. Ukifika mwezi Juni, shina likishagonga ukuta, unaking'oa, na mmea unaendelea nje kama mwingine wowote.

Ukanda wa Minnesota na Wisconsin unaonyesha nchi ya baridi inaweza kufika wapi. Mwaka 2010 Chris Stevens wa New Richmond, Wisconsin, alipeleka Stillwater, Minnesota, boga la ratili 1,810.5, karibu kilo 821, likawa rekodi ya dunia. Mwaka 2023 Travis Gienger wa Anoka, Minnesota, alivunja rekodi ya wakati huo kwa boga la ratili 2,749, sawa na kilo 1,247, lililopimwa Half Moon Bay, California. Hilo lilikulia uani kwake, nchi ambayo Aprili bado unaweza kuzoa theluji kwa koleo.

*Joto.* Kibanda chenyewe huvuna jua la mchana. Tatizo ni usiku, kwa sababu nailoni moja nyembamba haishikilii kitu. Ikifika saa tisa usiku, ndani na nje vinakaribiana. Hapo una njia mbili za kuhifadhi joto.

Ya kwanza ni maji. Pipa jeusi la lita 200 ndani ya kibanda, likipata jua mchana na kupoa kwa nyuzi 10 usiku, hutoa joto lipatalo uniti mbili na ushee za umeme, bure. Kasoro yake: wiki isiyo na jua pipa nalo linakuwa baridi, na mwaka tunaouzungumzia ndio wenye wiki za namna hiyo.

Ya pili ni nyaya za kupasha udongo, zile zinazofukiwa kwenye tabaka la mchanga chini ya mche. Nyingi huja na themostati yake (kidhibiti joto) iliyowekwa karibu nyuzi 21 hadi 23. Hapa fanya hesabu kabla hujaogopa bili. Waya wa wati 150 unaowaka nusu ya siku hula uniti 1.8, kwa mwezi ni 54. Hita ya hewa ya kilowati 2 ikiwaka kwa muda wa saa nane kila usiku hula uniti 16 kwa usiku mmoja, 480 kwa mwezi, na nyingi zinatokea kwenye matundu ya nailoni kwenda kuwapasha majirani. Zidisha kwa bei ya umeme wa kwako uone. Kama ni kuchagua kimoja, mimi nachagua waya ardhini, na usiku wa hatari naongeza blanketi juu ya kibanda.

Tahadhari mbili. Umeme na udongo uliolowa si marafiki: tumia waya uliotengenezwa kwa kazi ya bustani na soketi yenye kikata umeme cha kuzuia shoti. Pia usipashe duara dogo la sentimita 40 ukaridhika. Mizizi itafika ukingoni, ikutane na ukuta wa baridi, igeuke. Tandaza nyaya zienee eneo la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu.

*Kalenda.* Faida yake ni wiki mbili hadi tatu, hapohapo mwanzoni zinapohitajika. Mtu aliyepanda tarehe 8 Mei kibandani ana nafasi nzuri ya kuchavusha siku za mwanzo za Julai. Lakini kibanda hakikusaidii Septemba. Usiku wa vuli ukianza kuuma, wewe na yule wa shamba la wazi mko sawa, nyote mnafunika boga mablanketi jioni na kuyatoa asubuhi.

*Fedha.* Mabomba, nailoni, waya, na kazi ya mchana mmoja. Fremu ya mbao utaitumia miaka mingi. Nailoni ya kawaida hupasuliwa na jua, ile iliyotengenezwa kwa vitalu hudumu misimu kadhaa.

*Mikono.* Hapa ndipo watu wanapoumia. Kibanda kilichofungwa, jua likachomoza ghafla saa tatu asubuhi baada ya siku tano za mawingu, hupita nyuzi 40 kabla hujamaliza chai. Mche unaopona jalidi hufa kwa kuchemka. Lazima kuwe na mtu wa kufungua asubuhi na kufunga jioni, kila siku, kwa mwezi mzima. Kama nyumba nzima inatoka saa kumi na mbili alfajiri na kurudi jioni, weka kifungulio kinachojiendesha chenyewe kwa joto, kile cha bomba la nta. Hakihitaji umeme, na bei yake ni ndogo kuliko kupoteza mche.

*Magonjwa na ajali.* Hewa iliyotuama na unyevu huleta ukungu kwenye shingo ya mche. Mwagilia asubuhi, chini, bila kulowesha majani, na maji yawe yamekaa juani kwenye pipa. Maji ya bomba ya Mei yana baridi ya kisima. Ukiyamwaga moja kwa moja unaufuta usiku mzima wa umeme. Hatari nyingine ni siku ya kubomoa. Majani yaliyolelewa kwenye utulivu ni laini kama ya mtoto wa mjini. Ukiyatoa nje ghafla kwenye upepo na jua kali yatachanika na kuungua. Fungua pande mbili kwanza, siku chache, kisha paa, kisha ondoa vyote siku ya mawingu.

*Inamfaa nani.* Mwenye ua au kiwanja kidogo, aliyeko nyumbani asubuhi au mwenye mzee au kijana wa kumsaidia, anayetaka kushindana bila kugeuza bustani kuwa mradi wa ujenzi.

Njia ya tatu: kitalu nyumba msimu mzima

Hapa mmea wote, majani na boga, unaishi ndani tangu Mei hadi siku ya mizani. Tunazungumzia jengo la upana wa mita 6 na urefu wa 12 au zaidi, maana mmea mmoja wa mashindano hutaka mita za mraba 50 hadi 90.

Ushahidi wake ni mzito, kwa maana zote. Oktoba 2025 ndugu mapacha Ian na Stuart Paton wa Lymington, kusini mwa Uingereza, walivunja rekodi ya dunia kwa boga la kilo 1,278.8 walilolikuza ndani ya kitalu. Alaska nako, mwaka 2019, Dale Marshall wa Anchorage alileta kwenye maonyesho ya jimbo kule Palmer boga la ratili 2,051, kama kilo 930. Palmer wakati wa solstisi ya Juni, siku ndefu kuliko zote za mwaka, jua halizami kwa karibu saa 19, kwa hiyo mwanga wanao. Wanachokosa ni joto. Na maonyesho yao hufanyika mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, mwezi mzima kabla ya wengine. Ukiwa mahali pa namna hiyo, kitalu hakikuongezei kilo tu. Bila hicho boga halimalizi safari.

*Joto.* Unapata pande zote mbili, mwanzo na mwisho wa msimu. Usiku wa Septemba wa nyuzi 5 nje unaweza kuwa 9 au 10 ndani, na boga linaendelea kuongeza kilo wakati la jirani limesimama. Lakini usisahau udongo: jengo kubwa lililopandwa mwezi Mei juu ya ardhi iliyokuwa imeganda linakuwa na hewa ya Dar es Salaam na udongo wa friji. Nyaya za joto au pipa la maji vinahitajika humu pia.

*Kalenda.* Ndefu kuliko zote. Unachavusha mwisho wa Juni ukitaka, na unafika Oktoba majani yakiwa kijani.

*Fedha.* Hapa tuwe wakweli. Fremu ya chuma, nailoni nene, milango, feni, mabomba ya matone, vipimajoto. Halafu maji: mvua haikunyeshei tena, kila tone ni lako. Baadhi ya halmashauri na wenye viwanja hutaka kibali kabla hujasimamisha jengo la ukubwa huo. Uliza kwanza, nguzo baadaye.

*Mikono.* Kazi haiishi. Kuchavusha ni kwa mkono kabisa, maana nyuki hawaingii vya kutosha. Hewa lazima ipite. Siku ya joto katikati ya msimu, hata mwaka wa baridi (nayo ipo, kila mwaka una siku zake tatu za kichaa), ndani hupanda juu ya nyuzi 35 na boga changa linajidondosha lenyewe.

*Magonjwa na ajali.* Mvua ya mawe haikuhusu tena, wala dhoruba ya kawaida. Badala yake una utitiri unaopenda hewa kavu ya ndani, ubwiri unga unaosambaa kwa siku chache, na udongo uleule unaolimwa zao lilelile mwaka hadi mwaka, ukijaza chumvi za mbolea kwa kuwa hakuna mvua ya kuzisafisha. Wazoefu hufungua paa majira ya baridi theluji iingie, au hupanda mazao ya kufunika udongo na kuyafukia.

*Inamfaa nani.* Mwenye ardhi yake, mwenye miaka kadhaa ya kuzoea mmea huu, na aliyeko mahali ambapo kiangazi hakiaminiki hata mwaka mzuri: Alaska, Uskoti, kaskazini mwa Skandinavia. Anayeanza kabisa simshauri, ingawa simkatazi mwenye hela zake.

Ua lipi?

Njia yoyote utakayopita, mwaka wa baridi utakuletea jaribu hili. Ua jike la kwanza linatokea karibu na shina, mita moja na nusu tu, mwanzo wa Julai. La pili, lililoko mita tatu na nusu, litafunguka siku kumi na mbili baadaye. Kawaida tungesubiri hilo la mbali, kwa sababu nyuma yake kuna majani mengi ya kulilisha. Lakini kalenda inabana.

Ushauri wangu: chavusha yote mawili, usikate lolote mpaka wiki ya pili au ya tatu. Pima mzingo kwa kamba kila jioni. Aliye shamba la wazi mara nyingi atabaki na la kwanza, maana siku ni chache. Wa kitalu ana anasa ya kubaki na la mbali. Wa kibanda ndiye mwenye mtihani wa kweli, na kamba itamwamulia.

Kuhusu kuchavusha kwenyewe: ua hufunguka alfajiri na kuanza kufumba kabla ya adhuhuri. Asubuhi ikiwa chini ya nyuzi 10 nyuki wa asali kwa kawaida hawaruki, na chavua hunata isitoke. Jioni ya kuamkia siku hiyo kata maua dume yaliyo karibu kufunguka, yaweke kwenye glasi ya maji ndani ya nyumba, na ulifunge ua jike kwa kitambaa chepesi lisiloe. Asubuhi chavua itakuwa kavu na tayari. Tumia maua dume matatu au manne kwa ua jike moja.

Na vichipukizi utakavyokata kila wiki ili nguvu iende kwenye boga? Hivyo ni mboga, tena nzuri, pika na nazi au karanga. Kwa sharti moja: kama umepulizia dawa ya ukungu au ya wadudu, usile. Mzungu jirani atashangaa unavyobeba kwa furaha kile anachokiona taka za bustani. Boga lenyewe usilitarajie kwenye futari. Haya makubwa yamejaa maji na ladha yake ni ya heshima tu.

Uchague vipi, kwa hali yako

Kama ndio mwaka wa kwanza na huna uhakika kama utaupenda mchezo huu, shamba la wazi linakutosha, na fedha utakayookoa itie kwenye samadi na kipimo cha udongo. Lenga pH ya 6.5 hadi 6.8. Udongo mzuri utabaki hata ukihamia njia nyingine mwakani.

Kama una umeme uani na kuna mtu nyumbani asubuhi, kibanda chenye nyaya za joto kitakupa wiki nyingi zaidi kwa kila shilingi kuliko kitu kingine chochote nilichotaja. Umeme haufiki? Kibanda na mapipa meusi, na upande wiki moja baadaye kuliko mwenye waya. Umeme upo lakini hakuna mtu mchana? Kifungulio cha nta kwanza. Kikikosekana, bora shamba la wazi kuliko kibanda kisichofunguliwa.

Kama mizani yako ni mwisho wa Agosti, au kwenu Juni yenyewe ina usiku wa nyuzi 5, fikiria kitalu nyumba kwa uzito, lakini jenga vuli, si Mei ukiwa na mche mkononi. Kama fedha ipo na uzoefu haupo, anza na kibanda mwaka huu ndani ya eneo utakalolijengea kitalu baadaye. Udongo utaandaliwa mara moja.

Kama shamba lako linatuama maji, usichague lolote kati ya haya kabla ya kuinua tuta na kuchimba mfereji. Baridi ukiichanganya na maji yaliyosimama, hata kitalu cha bei mbaya kitaozesha mizizi.

Na kama umeshapanda, mche uko nje, na redio inatangaza usiku wa nyuzi 2: matao matatu ya bomba, nailoni yoyote, blanketi juu yake, na ndoo mbili tatu za maji ya moto zenye vifuniko ndani. Fungua asubuhi mapema. Usikimbilie mbolea wiki hiyo, maana mizizi iliyopoa haiwezi kuitumia. Siku ya tatu kagua kiini, pale jani jipya linapotokea. Kikiwa kijani, mche utaendelea, hata kama majani makubwa yamekauka kingo. Kikiwa cheusi, chomoa na upande wa akiba uliobaki dirishani. Hadi katikati ya Juni bado una muda wa kupata boga la kubebwa na watu wanne.